Salamu Niliyoitoa kwenye Muhuri

Sogea unisikilize, wewe unayejifunza lugha ya mbali peke yako, bila mtu wa kukusahihisha. Nitakueleza polepole, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Mimi nafundisha darasa la kwanza katika shule moja ya Kasese, magharibi mwa Uganda, na mtoto wa darasa la kwanza ukimharakisha hubaki na herufi nusu. Ila jambo la leo silisemi kwa kujivuna.

Binamu yangu ni fundi wa magari hapa mjini. Siku moja aling'oa kiti cha nyuma cha gari lililotumika, lililotoka Japani, akakuta chini yake mfuko wenye vitabu viwili vya shule na rundo la karatasi za mazoezi za mtoto fulani. Akaniletea. "Wewe ndiye mwalimu," alisema. "Usome, au uwashie jiko."

Nikasoma. Kitabu cha Kijapani cha kusomea hufunguliwa upande ambao sisi tunauita mwisho, na mistari yake hushuka kutoka juu kwenda chini kama maji kwenye ukuta. Cha darasa la kwanza kimeandikwa kwa herufi nyepesi, na kati ya maneno kuna nafasi. Vitabu vya wakubwa havina nafasi hizo. Nami najua jinsi vitabu vya darasa la kwanza vinavyotengenezwa: picha kwanza, neno moja likirudiwa, kisha sentensi fupi yenye neno lilelile. Niliweza kubashiri ukurasa unaofuata. Kwa kamusi ya simu na mwaka mmoja wa subira, nilivimaliza vyote viwili. Kwa hiyo usinielewe vibaya, vitabu hivyo ni vizuri, na ukivipata uvitumie.

Lakini kitabu cha shule kinamjua msomaji wake. Kile kiliandikwa kwa ajili ya mtoto ambaye mama yake ameshamfundisha kuongea. Hakimfundishi namna ya kumsalimia mzee, kwa kuwa jambo hilo alilijua kabla ya kushika penseli. Mimi nilijifunza jina la kiluwiluwi, la kivuli, na la tunda gumu la mti usioota kwenye milima yetu ya Rwenzori. "Shikamoo" yao sikuikuta popote.

Nikaitafuta kwenye zile karatasi za mazoezi. Karibu kila ukurasa ulikuwa na muhuri mwekundu wenye umbo la ua, na ndani yake maneno *taihen yoku dekimashita*. Nilitafuta neno moja moja, nikapata: "imefanyika vizuri sana." Nikafurahi. Kwetu ukimkuta mtu analima, humpiti kimya kama ng'ombe. Mganda atamwambia "gyebale," Mkonzo atamwambia "wasingya," na mwenye Kiswahili atasema "pole na kazi." Kusifu kazi ya mtu ndiyo salamu yenyewe. Nikajiambia, kumbe hawa nao wako kama sisi. Nikaiandika kwenye daftari langu: salamu ya heshima.

Habari zilienea. Jumamosi nilipokuwa nashuka Kikorongo kungoja gari la Bwera, mama mchoma ndizi wa pale njia panda aliniita, "Mjapani wetu! Leo wanasemaje huko kwenu?" Nami nilisimama wima, kitabu mkononi, nikamtamkia sentensi ya kiluwiluwi. Watu walisikiliza. Nilipenda, siwezi kukuficha.

Watu wa Bwera, mji wa mpakani na Kongo, waliniomba nifundishe, wakanipa chumba nyuma ya kanisa, na wanafunzi wanane wakaja. Mmoja alikuwa mwendesha boda.

"Mwalimu, kweli hawa watu hawana L?" aliuliza.

"Hawana. L yetu wanaitamka karibu na R."

"Basi lugha yetu ya Lhukonzo wataiita Rukonzo?"

"Ndiyo."

"Hapo watagombana na shangazi yangu."

Aliyejifunza kuliko wote alikuwa dada mmoja aliyetoka upande wa Butembo, Kongo, wakati wa vita, ambaye sasa anauza vitenge sokoni pamoja na mama yake. Alikuwa na sababu. Wageni kutoka Japani walitarajiwa kuja kuchagua mtu mmoja wa kwenda kwao kujifunza kukausha na kupima kahawa. Shuleni alikuwa amefika mbali kabla ya kukimbia, na vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba. Mlango mwingine hakuuona. Aliniomba nimwandikie salamu. Nilimwandikia kwenye mojawapo ya karatasi zile za muhuri, kwa mkono wangu, na kando yake nikaweka maneno "kwa mzee."

Sasa nikwambie lililo baya. Wiki tatu kabla ya wageni kufika, nilipata kamusi bora zaidi. Ilisema maneno yale husemwa na mwalimu kwa mtoto aliyefaulu zoezi, na kwamba mdogo hamwambii mkubwa. Nilisoma mara mbili, nikafunga simu. Nilikuwa nimewafundisha watu wanane kwa sauti ya uhakika. Jumamosi iliyofuata nilifundisha namna ya kuhesabu samaki, na kosa langu sikulitaja.

Wageni walikuwa wawili: bwana mzee mwenye nywele nyeupe, na mama wa makamo aliyemtafsiria kwa Kiswahili kizuri. Tulikaa kwenye ukumbi mdogo, mimi kwenye benchi la ukutani pamoja na waliosindikiza ndugu zao. Dada yule aliingia, akainama vizuri kabisa, akamwambia mzee kwa sauti safi: "*Taihen yoku dekimashita!*"

Mzee alishusha kikombe. Mama mtafsiri alijiziba mdomo.

"Nani alikufundisha hivyo, mwanangu?" mama aliuliza.

Dada alinielekezea mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi. "Mwalimu wangu. Iko pale."

Wote wakageuka. Nami nikasikia mdomo wangu ukisema, "Labda amechanganya. Mimi nilimfundisha *konnichiwa*." Hiyo ni salamu yao ya mchana; niliikuta kwenye kamusi ile mpya, na sikuwa nimemfundisha mtu.

Aliniangalia. Akamgeukia mzee, akasema *konnichiwa*, na maswali yakaendelea. Alijibu vizuri, hasa ya kahawa.

Mchana walimtaja mtu mwingine. Nilimfuata mama mtafsiri hadi kwenye gari, nikauliza kama salamu ile ndiyo iliyomharibia.

"Salamu?" alicheka kidogo. "Mzee aliipenda. Alisema tangu akiwa mtoto hajapewa alama nzuri. Shida ni kuchanganya. Kule kazini mtu anapewa maelekezo mara moja, na lazima ayashike kama alivyopewa. Wewe mwenyewe ulisema alifundishwa hivi akasema vile."

Elewa hapo, msomaji wangu. Kosa langu la lugha halikumuumiza. Lililomuumiza ni uongo niliolifunikia kosa hilo. Na mlango wa gari ulikuwa bado wazi. Ningesema neno moja tu, "nilidanganya." Nilisema, "Safari njema."

Nilikaa siku nane kabla ya kurudi Bwera. Mama yake alikuwa barazani akichambua maharage.

"Ee, Mujapani!" alisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, bila kuinua kichwa. "Karibu. Beko wanasema Bajapani beko na midomo mbili. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama," nilijibu. "Nimekuja kwa sababu ya huo wa pili."

Binti yake alitoka. Nilimweleza yote, tangu kamusi hadi mlango wa gari. Nilitegemea atashangaa.

"Nilijua, mwalimu," alisema. "Ile karatasi uliniandikia, nilikuwa nayo mu mufuko siku ile."

"Kwa nini hukuitoa? Ungewaonyesha!"

"Mwalimu iko kama muzazi. Muzazi hawezi kuumbuliwa mbele ya bageni." Akaketi kando ya mama yake. "Lakini haya niliiona mimi. Haya yako, mimi njo niliibeba."

Mama yake alisukuma ungo pembeni, akasema, "Sasa umesema kwetu. Sisi tulijua. Wambie wale hawajui."

Nilimwandikia mama mtafsiri barua hapohapo barazani, na binti akaisoma kabla sijaituma kwa simu. Alinifutisha sentensi moja niliyoandika, "kulitokea kutoelewana." "Hakukutokea," alisema. "Ulisema." Nikaandika: nilisema uongo. Jibu lilikuja baada ya siku chache, fupi na la adabu: uchaguzi wa safari hii umefungwa, wamelihifadhi jina lake, na wanashukuru kuujua ukweli. Kama watamwita au la, mimi na wewe hatujui.

Wale saba wengine niliwaeleza darasani, nikiwa nimesimama mbele yao. Mwendesha boda hakutania. Dada yule hakurudi kwa miezi miwili, kisha akarudi, akaketi nyuma. Siku hizi kila ninapoandika sentensi ubaoni ananiuliza, "Nani anamwambia nani?" Mara nyingi ninajua. Nisipojua, nasema sijui, na uso wangu huwaka kila mara.

Kwa hiyo, ukijifunza kwa kitabu cha watoto wa shule, shika kalamu. Kando ya kila sentensi andika mambo mawili: nani anaisema, na anamwambia nani. Usipojua, acha nafasi wazi, na sentensi hiyo usimfundishe mtu mpaka umeuliza.