Vumbi la Darini

Ipo asubuhi moja ya Lupembe isiyonitoka kichwani, mwanangu Tumaini, na tangu uliponipigia simu jana imenirudia kama ndoto. Umeniambia mmepata nyumba Makambako, stoo yake imejaa mavi ya panya, na Jumamosi utambeba mjukuu wangu mgongoni uifagie upesi kabla mizigo haijafika. Nikajibu "sawa", simu ikakatika, nikabaki nimekaa hapa mtaani kwetu Ramadhani hadi chai ikapoa. Si sawa, mwanangu. Ningekupigia tena, ila jambo hili nataka ulisome mara mbili.

Siku ile mgongoni mwangu ulikuwa wewe, una miezi sita. Mimi nilikuwa bado mgeni katika ndoa, na kimbelembele nilikuwa nacho tele: nilitaka mama mkwe wangu, bibi yako, arudi akute maajabu. Alikuwa amepeleka majani ya chai barabarani kusubiri lori la kiwanda. Ulikuwa mwezi wa sita, ukungu umelala juu ya mashamba hadi nyumba ya jirani haionekani. Jikoni, juu ya mafiga, tulikuwa na dari la mianzi la kuhifadhia mahindi, ili moshi uwafukuze wadudu. Wadudu walikimbia kweli. Panya wao waliota moto tu.

Mahindi yalikuwa yameshashushwa, darini pamebaki mavi makavu ya panya. Nikafunga mlango na kidirisha ili baridi isikupate, nikapanda ngazi na ufagio. Palipendeza, mwanangu, sitakuficha. Mwanga ulipenya kwenye nyufa, vumbi likaelea polepole, lote rangi ya dhahabu, nami naimba wimbo wa kwaya. Wewe ulicheka nyuma ya sikio langu, ukanyoosha vidole ulishike. Nikifumba macho hata sasa naviona vidole vile.

Bibi yako akarudi, akasukuma mlango, vumbi likampiga usoni. Hakufoka. Alikufungua mgongoni mwangu, akakutoa nje kwenye ukungu, ndipo akasema:

"Mama Tumaini, umefunga mlango mtoto asipate baridi, ukamfungia humo avute uchafu wa panya."

"Mama, nilitaka ukute pasafi."

"Pasafi pa nani, mtoto akiwa hayupo?"

Nikanuna. Niliona ananionea, kama wakwe wote.

Siku chache baadaye ulianza kuwaka homa, kifua kikipanda na kushuka mbiombio. Tukakukimbiza hospitali ya misheni. Muuguzi mmoja mtu mzima alinisikiliza, akasema hawezi kuapa kwamba ni vumbi lile. Lakini panya huacha magonjwa kwenye mavi na mkojo wake, akasema, na ukifagia pakavu unayarusha hewani, kisha unayavuta. Usiku na mchana nilikaa kando ya kitanda chako nikihesabu pumzi zako. Sijawahi kuogopa namna ile, wala sijawahi kukuambia. Ulipopata nafuu, ulinyoosha vidole ukashika kitenge changu, nikalia hadi bibi yako akanifuta kamasi.

Kwa hiyo Jumamosi mtoto abaki kwa jirani. Fungua mlango na madirisha, utoke nje nusu saa, upepo utangulie. Vaa barakoa na glavu. Ufagio uuache kabisa: lowesha mavi yale kwa maji yenye dawa ya klorini, subiri yalowane, ndipo uyazoe kwa kitambaa, uyatie kwenye mfuko na kuufunga vizuri. Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Ukimaliza, nawa kwa sabuni, na kwa mara ya kwanza maishani mwako usifanye haraka. Matundu yazibe kwa waya wa kusugulia sufuria, maana huo panya hautafuni kirahisi. Unga na mahindi viwe kwenye ndoo zenye mifuniko, na sumu usiitege mahali ambapo mtoto atatambaa. Mmoja wenu akipata homa baada ya hapo, nendeni hospitali, na mtaje panya bila kuona haya. Mimi niliona haya, nikachelewa kusema.

Najua Makambako kuna baridi na utatamani kufunga. Mtoto mvishe sweta na umfunike blanketi unapompeleka kwa jirani, lakini mlango wa stoo uuache wazi.

Mungu aibariki nyumba yenu mpya, upepo safi uingie kabla yenu na afya ikae humo pamoja nanyi. Na mjukuu wangu atakaponyoosha vidole, akute kitenge chako, asikute vumbi.