Kula Kahawa, Yaya

Cheka ukitaka. Hata mimi ningecheka kama ningesimuliwa na mtu. Lakini jambo hili lilinipata mwenyewe, mchana kweupe, hapa Butembo, chai ikipoa mbele yangu, na sijaongeza hata chembe.

Kambale ni mdogo wangu, yule anayenifuata. Alitoka Beni kuelekea shambani Kalunguta, hakufika. Hatukupata pikipiki yake wala kiatu. Mama yetu, kule Vuhovi, alikataa kulia mwaka mzima, mpaka baba zetu wadogo wakamchosha kwa maneno, akakubali mazishi. Katika ukoo wetu maiti isipopatikana, hukatwa mgomba, ukavikwa nguo za marehemu, ukazikwa ili roho itulie. Ila wazee husema pia: ole wenu mkimzikia mgomba mtu aliye hai, hataiona tena njia ya kurudi.

Siku ya mazishi hayo nilikuwa nasubiri mvua ikatike nipande pikipiki kwenda Vuhovi. Nifanye nini? Nikafungua sataranji kwenye simu, ile michezo ya dakika tatu ambamo unapangiwa kucheza na mtu usiyemjua, awe India au Brazili. Nikapangiwa mtu asiye na picha, jina lake herufi na tarakimu tupu. Akaanza yeye. Farasi wakatoka, wake na wangu, halafu ghafla akanitupia farasi wake mmoja kwa pioni moja tu, kile kijiaskari cha mbele.

Ni ufunguzi mbovu, kila ajuaye atakuambia. Ukitulia unamshinda. Ila saa inapokimbia, nani hutulia? Kambale alinipiga hivyo tangu utotoni. Na unajua alivyouanza? Farasi mmoja wa ubao wetu alipotea, tukaweka punje ya kahawa mahali pake. Meza ikitikisika kidogo, punje inabingirika chini. Kambale alichoka kuitafuta, akawa anaitoa sadaka mapema. "Kula kahawa, yaya," ananiambia. Yaya ndiye mimi, mkubwa wake.

Wenye ujinga huo wako wengi duniani, nikajiambia. Nikanyoosha kidole nimle farasi. Hapo maandishi yakatokea chini ya ubao.

"Kula kahawa, yaya."

Niamini, niliyasoma mara mbili. Neno hilo lilikuwa letu sisi wawili tu. Nikaandika, "Kambale, ni weye? Uko wapi?"

"Cheza. Saa yako inaisha."

Ningechezaje? Mchezo ukiisha, naye anaondoka. Nikaacha kucheza kabisa. Saa yangu ikawa inapungua huku nikimwandikia, nikimsihi. Niliogopa na nilifurahi, vyote pamoja. Mwishoni kabisa akajibu: "Ambia mama, basinizike." Yaani wasimzike. Kisha nikahesabiwa nimeshindwa. Nilipomtafuta tena, hapakuwa na mtu wa jina lile.

Niliondoka na mvua ileile. Nilikuta mgomba umelazwa sebuleni, umevaa koti la Kambale, na katekista ameshafungua kitabu chake. Nikasema yote mbele ya watu.

Baba mdogo mmoja alipandwa na hasira, Kifaransa kikamtoka. "Mais weye! Batu bote bamefika, kaburi iko tayari, na unatuletea mambo ya téléphone?"

Mama hakuniuliza hata swali moja. Aliinama, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalivaa yeye.

"Mutoshe hii kitu mu nyumba yangu," alisema, akiusukuma mgomba kuelekea mlangoni. "Mutoto wangu iko muzima."

Mgomba ukatupwa nyuma ya nyumba, kaburi likafukiwa tupu. Tangu hapo mama hataki misa ya kumwombea. Kila jioni anamwekea Kambale sahani ya fufu, anakaa kando ya barabara na lile koti mabegani. Amekonda, shamba limemea majani. Nami sijui nilichomletea. Kama Kambale amekufa, nimemnyima kaburi. Kama yu hai, mbona haji? Na kama hakuwa yeye kabisa, je, ni nani aliyelijua neno letu?

Siku hizi nacheza ufunguzi ule mbovu na kila mtu. Natupa farasi, naandika kula kahawa. Wananicheka, wananipiga.

Basi wewe unayecheza na wageni, sikiliza. Mtu akikutupia farasi bure, mle, nyamaza, maliza mchezo. Usimuulize yeye ni nani. Mimi niliuliza, na sasa anayeuliza ni mama. Giza likianza kuingia ananipigia simu: "Kambale alishacheza leo?"

Namjibu, bado, mama. Bado.