Mjomba Aliyengoja Kuulizwa

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa dalali wa farasi, na soko zima la mifugo lilimwita Ulizeni. Jina lenyewe alijipa bila kujua. Mnunuzi akifika, mjomba hakumsifia mnyama wala kumvuta mtu mkono. Alishika hatamu akasema, "Ulizeni." Ukimuuliza umri wa farasi, alikufunulia meno yake uone mwenyewe. Ukimuuliza kama anapiga teke, alipandisha suruali akakuonyesha kovu kwenye goti. Hakuwahi kusema uongo. Lakini usichouliza, huambiwi. "Mwenye macho haambiwi tazama," alipenda kusema, "na mwenye mdomo haambiwi uliza." Alisahau kwamba yeye ndiye aliyeshinda kutwa akiwaambia watu waulize.

Watu waliipenda kanuni hiyo. Katika soko ambalo madalali wengine walificha mvi za farasi kwa rangi ya viatu, mtu ambaye jibu lake ni jibu alikuwa na thamani. Wanunuzi walimjia na maswali yao tayari kama mahakimu, wakaondoka wameridhika. Hakuna aliyelalamika kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Baba yangu alibeba mbao kwa mkokoteni, kutoka kiwanda cha kupasulia magogo hadi mtaa wa mafundi seremala. Farasi wake wa zamani alipokufa kwa uzee, mama alisema, "Mbona unahangaika? Nenda kwa kaka." Baba akaenda, nami nikafuatana naye. Ndimi niliyemimina chai siku ile, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona.

Mjomba alikuwa na farasi jike wa rangi ya kahawia, kipaji kipana, macho mapole. Baba alimpenda pale pale, na kwa kupenda baba yangu hakuwa na breki. Alimzunguka, akampapasa shingo huku akimwita "mama yangu". Mimi niliona majani ya kulisha kwenye kona ya banda yamelowa chepechepe. Nikadhani paa linavuja.

"Ulizeni," mjomba akasema.

Baba akacheka. "Nikuulize nini, shemeji? Nikuhoji kama mwizi? Mtu aliyenipa dada yake atashindwa kunipa farasi mzima?"

"Hata huyo dada, ungeuliza ningekwambia anavyokoroma."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha mjomba akawa anakizungusha kikombe mkononi. "Shemeji," akasema, "kweli huna swali? Hata moja?"

"Hata moja. Wewe ndiye macho yangu."

Mjomba akamtazama yule farasi, akayatazama yale majani, akafumbua mdomo. Nilimwona. Kisha akaufumba, akampa baba hatamu.

Nimelifikiria sana lile tendo la kufumba mdomo. Kwa baba, kumhoji shemeji kulikuwa sawa na kumwambia hamwamini. Kwa mjomba, kusema kabla ya kuulizwa kulikuwa ni kuvunja kanuni iliyomlisha na kumpa jina. Kila mmoja alilinda heshima yake, na heshima hiyo ndiyo iliyotuangamiza. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Farasi yule alikuwa mgonjwa wa kifua. Akila majani makavu au akivuta vumbi, pumzi zinabana. Akilowanishiwa majani na kukaa penye hewa safi, huwezi kujua kwamba anaumwa. Mjomba aliyalowanisha kwa huruma, si kwa hila, hilo nitamtetea nalo popote. Lakini baba alimchukua mnyama yule akampeleka kwenye kiwanda cha mbao, ambako vumbi linatanda tangu msumeno unapowashwa hadi unapozimwa.

Mnyama alianza na kikohozi. Baba akasema ni ugeni tu, atazoea. Kisha mbavu zikawa zinapanda na kushuka hata akiwa amesimama. Siku moja, katikati ya mwinuko wa kwenda kwa maseremala, wakiwa wanaupanda na mzigo kamili, pumzi zilimwishia farasi, akasimama. Mkokoteni ukarudi nyuma, gurudumu likapita juu ya mguu wa baba. Mguu ulipona ukiwa umepinda. Kazi ya mbao alipewa mwenye lori.

Daktari wa mifugo alimsikiliza farasi kifuani, akasema ugonjwa huo ni wa miaka, si wa juzi. Baba akapeleka mashtaka kwa kamati ya soko. Mwenyekiti, muuza ngozi mwenye sauti nzito, alimuuliza baba, "Shemeji yako alikudanganya?"

"Hapana."

"Ulimuuliza habari za afya ya farasi?"

"Hapana."

"Basi sisi tutamhukumu kwa lipi?"

Mjomba akashinda. Alitoka pale kainamisha kichwa kama aliyefungwa, na mama, aliyekuwa amekaa katikati yao kwenye benchi, hakujua amfuate nani. Mwishowe alimshika baba mkono, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hawezi kutembea.

Wangegombana, ingekuwa nafuu. Baba hakumfukuza mjomba nyumbani kwetu, wala hakumnunia. Alianza kumuuliza. Mjomba akija na papai, baba atauliza kwa adabu kabisa, "Shemeji, hili halijaoza ndani?" Akimsogezea kiti: "Shemeji, miguu yake mizima?" Akimwambia kuna mvua: "Umeiona mwenyewe, au umesikia?" Na mjomba alijibu yote, taratibu, bila kukasirika. Mimi nilikuwa nacheka mwanzoni. Baadaye nikawa natoka nje.

Swali moja tu baba hakuliuliza: kama mjomba alijua. Nadhani alikuwa na jibu tayari, ila hakutaka kulisikia kwa sauti ya mtu anayempenda. Na mjomba alilingoja. Kila alipokuja alikaa karibu na baba, akamaliza chai yake polepole, kisha akabaki na kikombe kitupu mkononi. Farasi mwenyewe alizeekea nyuma ya nyumba yetu, mama akimlowanishia majani.

Miaka ikapita, mjomba akaacha udalali, naye akaugua. Jioni moja alikuja kwetu amekonda, akakaa palepale. Baba akamuuliza kama chai ina moto, kama njia ilikuwa nzuri. Mjomba akajibu. Kisha akaweka kikombe chini.

"Shemeji," akasema, "nilijua."

Nilikuwa mlangoni na sinia. Baba akaunyoosha ule mguu uliopinda, akasema kwa upole, "Sikukuuliza, shemeji."

Mjomba akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesomewa hukumu anayoijua. Akamuaga mama, akaenda. Hakurudi tena, tulimzika kabla ya mwezi kuisha.

Siku ya maziko, watu walipokwisha kutawanyika, nilimkuta baba kwenye banda tupu la farasi, fimbo yake imeegemea ukuta. Nilikuwa na hasira. Nikamwambia, "Baba, mtu anakuja na roho yake mkononi, unamfungia mlango vile?"

Akanishangaa. "Mlango gani? Nilimwambia sikumuuliza, maana yake sihitaji tena kujua. Nilimsamehe zamani, tangu farasi alipokuwa hai."

"Na yeye ulimwambia kwamba umemsamehe?"

Baba akaichukua fimbo, akaishika kwa mikono miwili, akainama.

"Hakuniuliza," akasema.