Kijani cha Soy

Kosa la Mideva lilikuwa kumpigia Mama Nasike simu kwamba anakuja. Ukimwambia mama wa huku kwamba unakuja kuona kitu chake, atakisugua mpaka king'ae, maana mgeni haonyeshwi uchafu. Na Mideva ni wa huku huku! Sijui akili alikuwa ameiacha wapi siku hiyo.

Kitu chenyewe kilikuwa mlango wa banda la kuku kule Soy, uliotengenezwa kwa bati la ndege ya kivita ya zamani, ya mabawa mawili, iliyoanguka shambani wakati wa vita vya Wazungu. Mideva hupaka magari rangi mjini Eldoret, na jioni zake zote humezwa na utafiti wa rangi za ndege hizo. Alipoona picha ya mlango ule, wenye mabaka ya kijani, aliwaandikia watafiti wenzake wa ng'ambo kwa kujiamini kabisa: askari walizipaka ndege kijani hapa hapa, wazifiche kwenye nyasi zetu. Wenzake walimshangilia. Kitabu chao kilikuwa karibu kuchapishwa, jina lake likiwa ndani. Kilichobaki ni kuthibitisha tu.

Aliposhuka kwenye bodaboda alisikia waya wa kusugulia sufuria ukikwaruza bati. Akakimbilia bandani.

"Mama, wacha! Wacha kabisa!"

Mama Nasike aligeuka polepole. "Unanipigia kelele kwangu? Na ni wewe naoshea!"

Mideva alipiga magoti akiomba msamaha, macho yakiwa mlangoni. Baka moja tu lilikuwa limebaki, dogo kama kiganja. Ukingoni mwake, pale waya ulipopita, rangi zilijipanga pete pete, jinsi anavyozisoma kwenye gari akitaka kujua kama limewahi kugongwa. Kwanza bati tupu. Kisha rangi ya fedha. Kisha bluu. Kijani kilikuwa juu ya zote.

"Hii bluu ni ya nini, Mama?" aliuliza.

"Ni ya baba mkwe. Alipaka akitengeneza huu mlango. Hiyo green iliwekwa baadaye, sijui ni nani."

Baadaye. Kijani kilikuja baada ya banda la kuku, wala si vitani. Mideva aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na akamkasirikia huyo aliyepaka kijani, mtu ambaye hata hakumjua.

Mama Nasike, hasira zimeshampoa, aliinua waya. "Imebaki kidogo tu. Nimalize, ama?"

Hakuna mwingine aliyejua. Baka hilo likifutwa ingebaki picha peke yake, na picha ilikuwa upande wake. Mideva aliutazama mkono wa mama ukishuka. Alitaka kunyamaza. Alitaka sana.

Akafunika baka kwa kiganja, na waya ukamkwaruza vidole.

"Acha, Mama," alisema, machozi yakimtoka. "Wenzangu lazima waione hii bluu chini ya kijani."