Toa Pumzi, Ndipo Unyanyue

Shangazi aliuza nyama kwenye bucha ya marehemu baba yake, na hakuna mwanamume sokoni aliyemshinda kwa shoka. Lakini tangu ajifungue pacha, kila akinyanyua paja la ng'ombe mkojo ulimtoka. Alivaa aproni mbili. Wateja walijua hata hivyo.

Kila godoro lilipolowa, mumewe alimchapa mkanda. "Nimeoa mke au kitoto kichanga? Ukilowa tena mbele ya watu, bucha anachukua mdogo wangu."

Siku alipomvunja mkono, muuguzi aliyemfunga plasta aliona gauni bichi, akampeleka chumba cha mazoezi ya viungo. Huko alimkuta mtaalamu wa kike, mnene, mcheshi.

"Chini ya nyonga kuna misuli imetandazwa kama machela," alisema. "Inabeba kibofu, kizazi na utumbo. Yako imelegea. Ibane, kama unayezuia ushuzi mbele ya mkwe."

Shangazi alicheka mpaka mbavu zilizovilia damu zikamuuma, kisha akabana. Mtaalamu, kiganja tumboni mwa Shangazi, akatikisa kichwa.

"Unasukuma chini, mama. Huko ni kuzaa. Ukinyanyua nyama unafanyaje?"

"Nabana pumzi, najikaza."

"Ndiyo maana. Kila paja linaisukuma misuli hiyohiyo chini. Toa pumzi, ivute juu, ndipo unyanyue."

Plasta ilipotoka alianza na vipande vya mbavu. Alibana akiosha utumbo, akabana akinoa visu. Godoro likakauka. Mkanda haukupumzika, sasa kosa likawa chumvi kwenye mchuzi.

Asubuhi moja mume aliingia buchani na mdogo wake, foleni ikiwa imefika mlangoni.

"Kikojozi aende nyumbani," alisema. Akamshika shingo, akamgongesha paji la uso kwenye gogo la kukatia.

"Chungulieni chini," shemeji akacheka. "Bomba limepasuka."

Shangazi alijichomoa, akashusha paja kutoka kwenye ndoano. Akatoa pumzi. Akavuta juu. Akalinyanyua, akampiga nalo mumewe usoni. Meno yalidondoka kwenye chengachenga za mifupa. Shemeji alitoka mbio. Mume alimfuata akitambaa.

Shangazi alipangusa damu jichoni, akalikagua gauni lake. Lilitapakaa damu kifuani. Kuanzia kiunoni, kavu.

"Nani anafuata?"

Mzee mmoja kwenye foleni akajikohoza.

"Mimi, mama. Nusu kilo tu. Ila isiwe ya paja hilo."