Ukungu wa Ndani ya Kioo

Kornel ana taksi pale Kizwite, mjini Sumbawanga, na ubishi wake unajulikana stendi nzima. Mwambie gari lako linanuka, atakujibu kwamba pua yako ndiyo mbovu. Msimu huu wa baridi kioo chake cha mbele kilikuwa kinashika ukungu kwa ndani kila akiwasha hita, naye anapangusa kwa kitambaa na kusema, "Hii ni Ufipa, bwana, ulitaka jua la Dar?" Abiria wa mbele wakilalamika kwamba kapeti limelowa, anawasingizia akina mama wa samaki. Maji ya rejeta yakipungua, anaongeza. Gari la zamani linakunywa, ndivyo alivyojifariji, na dumu la maji halikutoka kwenye buti.

Sasa ubishi huo ukaja kumtokea puani asubuhi moja ya Julai, akitokea Laela na mkewe nyuma. Rozina alikuwa amekwenda kujifungulia kwao, na mtoto akaja kabla ya siku zake, kadogo mno, ngozi inaonyesha mishipa. Kabla ya huyu walishazika wawili. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini na mgonjwa mwingine, hivyo nesi akamfunga mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika blanketi, akamgeukia Kornel.

"Hita iwake mpaka Sumbawanga. Huyu akipigwa na baridi tu, hatutakuwa naye."

Kiti cha mbele alikaa mama mkwe wake, Mama Agnesi, na hapo palikuwa na shughuli. Tangu aoe, Kornel hajawahi kula chakula mbele ya mama huyu wala kumkazia macho. Wakikutana ni shikamoo mama, marahaba mkwe, kila mtu anatazama chini na kushika njia yake. Leo wamekaa bega kwa bega. Mama kajikunyata mlangoni, uso dirishani, na Kornel shingo kaikaza mbele, hathubutu hata kugeuka kuuliza kama amekaa vizuri.

Walipoipita Mpui mshale wa joto ukaanza kupanda. Kornel akausihi kimoyomoyo ushuke, lakini ukazidi. Akaegesha pembeni, akazima, akafungua boneti. Gari lilikuwa linachemsha.

Akakagua rejeta, kavu. Mipira ya maji, mikavu. Akalala chali kwenye majani yenye umande kutazama chini ya injini, hakuna hata tone. Moshi wa nyuma ungekuwa mweupe angejua gasiketi imekwisha na maji yanaungua ndani ya injini, lakini haukuwa mweupe. Maji yalikuwa yanakwenda wapi? Dumu lilikuwa na maji ya kujaza mara moja tu, na kuyamimina bila kujua yanakotokea ni kuyatupa. Hakuna gari lililopita. Akalia, kimyakimya, amejificha nyuma ya boneti ili wanawake wasimwone.

"Kornel," Rozina aliita toka ndani, sauti imekauka. "Miguu ya mtoto inaanza kupoa."

Ndipo kioo cha mlango wa mbele kikashushwa kidogo.

"Mkwe, nisamehe," Mama Agnesi alisema, bado anatazama pembeni. "Miguu yangu imelowa tangu tumetoka Laela. Yalikuwa maji ya moto. Nimeona haya kukwambia."

Kornel akasimama kama aliyepigwa kofi. "Naomba nipite hapo miguuni, mama."

Akapapasa kapeti. Maji yalikuwa na utelezi, yananukia utamu wa kulanti, ile dawa ya rejeta aliyotia mwanzoni mwa mwaka. Akapitisha kidole kwenye kioo cha mbele, kikatoka na mafuta. Ukungu wa baridi hita huufukuza, na huu hita ndiyo ilikuwa inauleta. Ile rejeta ndogo ya hita, iliyojificha nyuma ya dashibodi, ilikuwa imetoboka, inamwaga maji ndani ya gari. Joto lililokuwa linamlinda mwanawe ndilo lililokuwa linaikausha injini. Akajilaani kwa jina lake la ubatizo.

Dawa aliijua. Akalegeza klipu kwa plaizi, akachomoa mipira miwili inayopeleka maji kwenye hita, mmoja akautupa, mwingine akaukunja ukatoka kwenye injini na kurudi humo humo kwenye injini. Vidole viliungua, hakujali. Akasubiri injini ipoe, na kusubiri huko kulimtesa kuliko kuungua. Akamimina dumu lote, akawasha. Mshale ukatulia katikati.

Gari limepona, lakini hita ndiyo basi tena.

Rozina alikuwa anatetemeka, midomo imepauka, na mtoto anatikisika kifuani pake. Mama Agnesi akashuka, akaingia nyuma.

"Nipe mimi. Wewe huna joto la kumpa mtu."

Akaanza kufungua vifungo vya blauzi. Mbele ya mkwe wake. Kornel akavua koti, akalirusha nyuma bila kugeuka, kisha akakisukuma juu kile kioo cha kutazamia nyuma mpaka kikatazama dari. Aliendesha hivyo hadi mjini, haoni kilicho nyuma, anasikiliza kama kuna kilio. Hakusikia kitu, na alikuwa anaogopa kuuliza.

Hospitali nesi mwingine akaingiza mkono chini ya koti. "Ana joto," akasema, akamchukua mbiombio, Rozina akasukumwa nyuma yake kwenye kiti cha magurudumu. Kama ataishi, hakuna aliyewaambia.

Wakabaki wawili kwenye benchi, kila mmoja anatazama sakafu.

"Mkwe," Mama Agnesi alisema, "miguu yangu inaniuma kwa baridi."

Miaka yote ya ukwe wao, mama huyu hakuwahi kumlalamikia jambo. Kornel akapiga magoti, akavua soksi zake, akamvalisha.