Mzee Bling wa London

Nakumbuka siku niliyomzaa Mwingereza kwa mdomo wangu, mwanangu, pale Xintang, China, ndani ya kiwanda kidogo cha jinzi.

Nilikuwa kijana mkalimani: kidato cha pili kichwani, Kichina cha sokoni, na ndoto ya ofisi yenye kiti cha kuzunguka. Miezi ile ya msako, polisi walikagua pasipoti kila kona ya Guangzhou, na wafanyabiashara wengi walisharudi kwao. Nilibaki na mteja mmoja tu, Mama Neema wa Mwanza. Nikimpoteza huyo, basi na mimi ni uwanja wa Baiyun, ndege, nyumbani mikono mitupu.

Mama Neema akashika jinzi ya kike. Mfuko wa nyuma umeandikwa BLING kwa vijiwe vya kumetameta.

"Hili neno limetoka wapi, baba? Mimi siuzi nisichokijua."

Ningesema sijui, yakaisha. Lakini mkalimani asiyejua neno! Nikakohoa. "Huyo alikuwa mzee wa London, Mzee Bling. Sonara. Mcha Mungu sana." (Ucha Mungu niliuongeza kwa sababu mama ni mwanakwaya.)

Akairudisha jinzi mezani kama imemuunguza. "Mcha Mungu, halafu wanawake wa Mwanza walikalie jina lake? Sinunui hata moja!"

Mwenye kiwanda akanikodolea macho. Kevo, Mnairobi aliyekuwa akichagua mzigo wake pembeni, alicheka mpaka akakaa juu ya marobota.

"Buda, mzee gani! Hilo ni la marapa weusi wa Marekani. Ni sauti ya kito kikipigwa na mwanga. Mwanga hauna sauti, wao wakaupa."

"Ahaa, kama sisi na nyeupe pee," akasema Mama Neema. Akanigeukia polepole. "Na huyo Mzee Pee, baba, yeye alizikwa wapi?"

Nikaungama. "Samahani mama, nimemtunga. Niliogopa utaniona sijui kitu."

"Kutojua neno si kosa. Sasa ukinitajia bei, nitaaminije?"

Jinzi alinunua, ila wiki nzima kila bei niliyotafsiri alimpa muuzaji kalkuleta aiandike mwenyewe. Mpaka siku moja, madukani mtaa wa Yide Lu, aliponiuliza uyoga fulani mkavu unapikwaje. "Sijui, mama. Ngoja nimuulize mwenye duka." Akaitia kalkuleta mkobani, akaufunga.

Basi mwanangu, neno usilolijua liulizie. Lina watu waliolianzisha, usiwatungie babu. Mungu akujalie wateja wengi, pasipoti yenye muda mrefu, na ulimi usioona haya kusema sijui.